Uzi: Kumkataza mtu kwa Kihispania, na kwa nini msemaji wa Kiswahili asizungukie Kiingereza

Mpandamlima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niliahidi uzi huu muda mrefu. Leo mvua imenifungia Karatu, kwa hiyo nina wasaa. Ni mrefu, mwenye haraka aurudie usiku.

Mimi ni mwongoza watalii huku kaskazini, na kwa miaka ya karibuni wageni wangu wengi ni wa Kihispania: Hispania yenyewe, Mexico, Argentina, Kolombia. Kusalimia na kutaja wanyama nilijua mapema. Kilichonitesa ni kukataza. Kazi yetu kwa kiasi kikubwa ni kukataza watu: usishuke, usiguse, usitoe mkono dirishani, msipige kelele, usikimbie, usiache chakula nje ya hema.

Mwaka wangu wa kwanza wa lugha hii nilikuwa na familia ya watu wanne kutoka Valencia. Tuko Seronera, Serengeti, chui kalala juu ya tawi, mkia unaning'inia. Baba wa familia akashika kitasa cha mlango ashuke apate picha nzuri. Nikamwambia kwa sauti ya chini lakini kali: "¡No baja!" Akanitazama, akatabasamu, akajibu: "Ya, ya veo que no baja." Kisha akafungua mlango. Nilimdaka shati.

"No baja" maana yake si "usishuke". Maana yake ni "hashuki". Yule baba alidhani namweleza habari za chui, kwamba chui hashuki, naye akakubaliana nami kwamba ndiyo, anaona hashuki. Kwa masikio yake hakuna aliyemkataza kitu.

Usiku nilikaa na daftari nikitafuta kosa limetoka wapi. Nilikuwa nimejifunza kwa kitabu cha Kiingereza. Kiingereza ukitaka kukataza, unatia neno la kukanusha mbele na kitenzi kinabaki kilivyo. Nikafanya hivyohivyo: "baja" ni "shuka!", basi tia "no" mbele, mambo yamekwisha. Nilichukua njia ya Waingereza kwenda kwa Wahispania, wakati ya nyumbani ilikuwa fupi zaidi.

Tazameni Kiswahili. Shuka, usishuke. Imba, usiimbe. Guna, usigune. Irabu ya mwisho inageuka, -a inakuwa -e. Mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo, wala hakuna aliyemfundisha.

Sasa tazameni vitenzi vya Kihispania vinavyoishia na -ar:

baja (shuka) – no bajes (usishuke)
grita (piga kelele) – no grites (usipige kelele)
camina (tembea) – no camines (usitembee)
habla (sema) – no hables (usiseme)

A inakuwa E, palepale tunapoigeuza sisi! Nilipoliona hili usiku ule nilisimama kitandani. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja ya Kibantu na nyingine mtoto wa Kilatini, zinamkataza mtu kwa irabu ileile.

Na si bahati ya herufi tu, mantiki yao ni moja. Umbo hili la -e kwetu si la amri hasa, ni la kutaka: asome, tuende, wapite. Tukitaka kukataza hatutumii umbo la amri, tunakimbilia umbo la kutaka na kulitia "si". Wahispania nao wana umbo la amri ("baja") na umbo la kutaka ("que baje", yaani "ashuke"). Wakikataza huacha la amri na kuchukua la kutaka. Hiyo ndiyo siri nzima ya somo, na vitabu vingi huiita kanuni ngumu.

Endelea kusoma, jambo la pili halina mfano kwetu.

Mpandamlima

Vitenzi vya Kihispania vina makundi matatu kwa mwisho wake: -ar, -er, -ir. Kundi la -ar nimelisema. Makundi mawili yaliyobaki yanageuka upande wa pili, E inakuwa A:

come (kula) – no comas (usile)
bebe (kunywa) – no bebas (usinywe)
corre (kimbia) – no corras (usikimbie)
abre (fungua) – no abras (usifungue)
sube (panda) – no subas (usipande)

Yaani ni kubadilishana irabu. Mwenye A anaazima E, mwenye E anaazima A. Kinachomfanya Mhispania asikie kwamba unakataza ni irabu isiyo ya nyumbani kwake. Akisikia "abre" anajua kitenzi kiko kwao, kinaeleza habari au kinaamuru. Akisikia "abra" anajua kimetoka, kuna mtu anataka kitu.

Nafsi zote ni hizi, nawawekea kitenzi kimoja cha kila kundi:

Bajar: no bajes (wewe), no baje (wewe kwa heshima), no bajemos (sisi), no bajéis (ninyi, Hispania), no bajen (ninyi, Amerika yote, na kwa heshima popote).

Comer: no comas, no coma, no comamos, no comáis, no coman.

Abrir: no abras, no abra, no abramos, no abráis, no abran.

Nadhani mmeona kwamba comer na abrir wanafanana hapa kabisa. Ukilijua moja unalijua la pili. Matamshi: h haisikiki, kwa hiyo "hables" ni "ables". J ni kh ya "kheri", kwa hiyo "bajes" ni "bakhes".

KijanaWaMajengo

Mkuu heshima kwako. Hiyo ya "no bajemos" ni "tusishuke"? Maana Kiingereza hapo kinaleta maneno matatu.

Mpandamlima

Ndiyo, ni "tusishuke", neno kwa neno. Na ukisema "no bajamos" ni "hatushuki". Tu-si-…-e na ha-tu-…-i kwetu, -emos na -amos kwao. Tofauti ni irabu moja na ni tofauti kubwa. Ukiwa na kundi na unataka kujihesabu ndani yao, "no gritemos, por favor" husikika laini kuliko "no griten".

MwanaRuvuma

Tuliokulia mpakani na Msumbiji tunalijua hili kwa Kireno: "abre", "não abras", "fala", "não fales". Ni mtindo uleule wa kubadilishana irabu. Sikuwahi kufikiri kwamba "usifungue" yetu inafanana nayo. Nimeisoma hii post mara mbili.

NduguWaKivu

Ndugu zangu wa Tanzania, sisi wa Goma tuliosoma kwa Kifaransa tuna tatizo lilelile la Kiingereza. Kifaransa: "parle", ukikataza ni "ne parle pas". Kitenzi hakiguswi, kinazungushiwa tu maneno mawili. Nilianza Kihispania nikidhani ni ndugu ya Kifaransa, kwa hiyo nikajenga vilevile: "no habla". Mwalimu akawa ananiuliza kila mara "¿Quién no habla?", nani hasemi? Sikumwelewa mpaka leo. Asante.

Mpandamlima

Hilo swali la mwalimu wako ni somo zima. Ukisema "no habla", Mhispania anatafuta mtu wa tatu. Kama mtu akwambie "hasemi" ukiwa peke yako naye chumbani, nawe utageuka uangalie nani yupo.

Bi_Mkubwa_Ughaibuni

Salaam wote. Mimi nipo kusini mwa Hispania, natunza wazee majumbani, mwaka wa sita sasa. Nataka kuongeza la heshima, kwa sababu kaka amelipita haraka na kwangu ndilo kazi yenyewe.

Kwa mzee usiyemzoea hutumii "tú", unatumia "usted". Ajabu ya usted ni kwamba unamsema mtu aliye mbele yako kwa kitenzi cha mtu wa tatu. Si jambo geni kwetu: mama mwenye nyumba anamwambia mgeni aliyetaka kuosha vyombo, "mgeni asijisumbue." Anamwambia yeye uso kwa uso, lakini kwa "a-". Basi usted ni hiyo. Kwa hiyo mimi asubuhi hadi jioni ni:

No se levante, señora. (Usiinuke.)
No se preocupe. (Usijali.)
No camine sin el bastón. (Usitembee bila mkongojo.)
No beba tan rápido. (Usinywe haraka hivyo.)
No abra la puerta a nadie. (Usimfungulie mtu mlango.)

Nina bibi mmoja wa miaka 91, wa kijijini. Wiki tatu nilimwita usted kwa adabu yote. Siku moja akanishika mkono akasema: "No me trates de usted, hija." Usiniite usted, mwanangu. Ona sasa, na yeye alinikataza kwa umbo hilihili: tratar, no trates. Tangu siku ile namwambia "no te levantes", na najua nimekuwa mtu wa nyumba ile.

Mpandamlima

Dada, umenitoa machozi. Na umeniletea jambo nililotaka kulifikia, la vile vineno vidogo: se, te, me, lo, la, nos.

Ukiamuru, vineno hivyo hugandana na mkia wa kitenzi. Ukikataza, vinahama na kukaa kati ya "no" na kitenzi:

levántate (inuka) – no te levantes (usiinuke)
ábrela (ifungue) – no la abras (usiifungue)
llámame (nipigie) – no me llames (usinipigie)

Kwetu kitu hukaa kabla ya mzizi siku zote: i-fungue, usi-i-fungue. Kwa hiyo kwenye kukataza tuko nao bega kwa bega, kwenye kuamuru wanatuacha. Nilipanga vipande hivi na sijawahi kuvisahau:

u-si-ki-gus-e
no lo toqu-e-s

"Si" ni no. "Ki" ni lo. "Gus" ni toqu. "E" ni e. Na "u", yaani wewe, wao wameipeleka mwisho, ndiyo ile s. Vipande vitano kwa vitano, hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Kwaya_Jumapili

Wakuu, mimi si mtu wa lugha lakini nimekaa nikakumbuka kitu. Parokiani kwetu alipita padri Mhispania, akasali Baba Yetu kwa lugha yake, nikaikariri. Mwisho wake: "no nos dejes caer en la tentación, y líbranos del mal." Sisi tunasema "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni."

Je, hiyo ndiyo unayosema? "No nos dejes" na "líbranos"?

Mpandamlima

Ndiyo hiyo! Miaka yote natafuta sentensi moja ya kumfundishia mtu, nawe unayo kifuani. "No nos dejes": anakataza, "nos" iko mbele ya kitenzi, na dejar ya -ar imechukua e. "Líbranos": anaomba, "nos" imeganda nyuma, na librar imebaki na a yake. Kukataza na kuomba, upande kwa upande, kwa pumzi moja. Na kwetu "tu" iko mbele pande zote mbili: usi-tu-tie, u-tu-opoe.

Kuanzia leo wanafunzi wangu Wakristo nitawaanzia hapo. (Neno kwa neno yao ni "usituache tuanguke katika kishawishi", kwa hiyo kitenzi si kimoja na chetu. Umbo ndilo moja.)

Mzee_wa_Sheria

Kwa kuwa mmeingia kanisani: Amri Kumi kwa Kihispania ni "No matarás", "No hurtarás". Hizo hazina irabu uliyoisema. Je, kanuni imevunjika?

Mpandamlima

Swali zuri, mzee wangu. Hapo wametumia wakati ujao. "No matarás" neno kwa neno ni "hutaua". Ni namna ya zamani na ya uzito ya kutoa sheria, kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na halitatokea. Sisi tumetafsiri kwa "usiue". Kwa mazungumzo ya kawaida usitumie wakati ujao kukataza, utasikika kama unateremka mlimani na mbao za mawe.

KijanaWaMajengo

Na ile ya kwenye fulana, "No pasarán"?

Mpandamlima

Nayo ni wakati ujao, lakini si amri kabisa. Ni "hawatapita". Dolores Ibárruri, mwanasiasa wa Hispania, aliitamka redioni Madrid, Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Alikuwa anaahidi. Angetaka "wasipite" angesema "que no pasen".

Fundi_Simu

Mkuu samahani, mimi nakupinga kidogo. Nimeona picha za vibao vya Hispania: "No fumar". "No tocar". "No pisar el césped". Hapo kitenzi hakikubadilika hata herufi. Kama wenyewe wanaandika hivyo, sisi tunajisumbua nini?

Mpandamlima

Kibao hakizungumzi na mtu, ndugu yangu. Hakijui wewe ni mmoja au mko kumi, ni mtoto au ni mzee. Kwa hiyo kinatumia jina la tendo lenyewe, "kutovuta", "kutogusa", kama sisi tunavyoandika "ni marufuku kuvuta sigara". Kwenye kibao ni sahihi. Lakini ukimgeukia mtu mwenye uso na jina ukamwambia "no tocar", unamwongelesha kama ukuta. Watakuelewa, na wageni wengi ni waungwana watanyamaza. Hata hivyo mtu aliyelipa safari ya siku 7 anastahili kuongeleshwa kama mtu.

Hata vibao vyao vingine hutumia umbo letu: "No pise el césped", usikanyage nyasi, kwa usted.

BintiChumbe

Mimi nafanya kazi ya kupeleka wageni kwenye matumbawe, Zanzibar. Sentensi ninayoihitaji kuliko zote ni "usiguse matumbawe". Nimeandika "no toces los corales". Umeandika hapo juu "toques". Q imetoka wapi?

Mpandamlima

Dada yangu, hii ndiyo sehemu inayowaangusha hata wenye cheti.

Kiswahili ni kiaminifu kwa herufi. K ni k popote iendapo. Kihispania herufi c ina tabia mbili: mbele ya a, o, u ni k, mbele ya e na i ni th ya "thelathini" kwa Wahispania wengi, na s kwa watu wa Amerika. Sasa tocar ina sauti ya k. Ukiigeuza a kuwa e na kuacha c, ile k inakufa. Mmexico akisoma "no toces" kwa sauti atasikia "no toses", na hiyo kwao ni "hukohoi". Ili k ibaki hai wanaandika qu: no toques los corales.

Kwa hiyo kwa sikio kitenzi hiki ni cha kawaida kabisa, ni mwandiko ndio unaohangaika kuilinda sauti. Ndugu zake:

sacar (kutoa): no saques la mano, usitoe mkono
pagar (kulipa): no pagues aquí, usilipe hapa. Wametia u, g isije ikawa kh
llegar (kufika): no llegues tarde, usichelewe kufika
cruzar (kuvuka): no cruces, usivuke. Hapa z imempisha c, sauti ni ileile

Upande wa -er: recoger (kuokota) inakuwa "no recojas piedras", usiokote mawe, g imekuwa j ili kh isipotee. Hiyo naitumia sana mlimani, kila mtu anataka kipande cha Kibo mfukoni.

Angalizo kwa waongozaji wenzangu: yupo mdogo wake recoger, kitenzi coger. Hispania ni "kuchukua" tu, wanakisema mbele ya watoto. Mexico na Argentina ni tusi la chumbani. Ukiwa na wageni mchanganyiko tumia tomar: "no tomes", "no tomen".

BintiChumbe

Asante kaka. Nimepaka rangi upya ubao wa kwenye boti: NO TOQUEN LOS CORALES. Nimetumia -en kwa sababu wako wengi. Je, Wahispania wa Hispania watakwazika?

Mpandamlima

Hawatakwazika, watasikia heshima. Ninyi ya Hispania kwa watu wa kuzoeana ni vosotros: "no toquéis". Amerika yote hawaitumii katika mazungumzo, kwao ninyi ni ustedes tu: "no toquen". Ustedes inaeleweka kila mahali, ndiyo maana namshauri kila anayeanza aanzie hapo.

Faida nyingine ya usted na ustedes: amri na katazo vinafanana. "Abra" fungua, "no abra" usifungue. "Bajen" shukeni, "no bajen" msishuke. Hakuna kubadilisha irabu katikati, unatia "no" tu. Ningeijua hii siku ya chui ningesema "no baje" na shati la watu lisingechanika.

AliyewahiBata

Nami niongeze la Afrika yetu. Kihispania ni lugha rasmi Guinea ya Ikweta, waliopata uhuru wao kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Nilifanya kazi huko, mjini Bata. Kule nilisikia mtu mmoja akichanganya vosotros na ustedes ndani ya mazungumzo mamoja, na usted ikikutana na kitenzi cha tú, na hakuna anayeshtuka. Lakini irabu ya kukataza hawakosei: "no abras", "no corras". Ukisema "no corre" watatafuta nani hakimbii, kama ulivyosema.

Mpandamlima

Hapo nimejifunza mimi. Kwa ukamilifu niseme na la Argentina: wao wewe ni "vos", na wakiamuru mkazo unahamia mwisho, "bajá", "comé", "abrí". Wakikataza husema "no bajes" kama wengine, ingawa utasikia pia "no bajés". Usihangaike kuiga, elewa tu ukisikia.

MwanaRuvuma

Mkuu, "wala" wanaisemaje? Usiguse wala usile.

Mpandamlima

"Ni". No toques ni comas nada. Sisi baada ya "wala" tunakanusha tena, "wala usile". Wao "ni" inatosha, hawarudii no. Ila "nada" pale mwisho, chochote, ni lazima uiache ikae na no, kwao kukanusha mara mbili si kosa.

Na kitu kidogo chenye msaada mkubwa: "todavía". No bajen todavía: msishuke kwanza. Mgeni akikatazwa kavu anasononeka, akiambiwa "kwanza" anajua zamu yake inakuja.

Bi_Mkubwa_Ughaibuni

Kaka, waambie na hii ya "pedir". Mimi ndiyo iliyonifungulia lugha.

Mpandamlima

Iseme wewe dada, uwanja wako.

Bi_Mkubwa_Ughaibuni

Haya. Wakati mwingine hutaki kukataza moja kwa moja, unataka kuomba. Kiswahili unasema: "Naomba msifungue dirisha." Angalia, "msifungue" haikubadilika, ni ileile ya katazo, umeitanguliza tu "naomba". Kihispania: "Les pido que no abran la ventana." "No abran" ni ileile. "Nataka usijali": "Quiero que no te preocupes." Daktari kasema asile chumvi: "El médico dice que no coma sal."

Wenzangu wa darasani, Mwingereza na Mholanzi, walikaa miezi kwenye somo hili wakiuliza kwa nini kitenzi kinabadilika baada ya "que". Mimi nilikuwa nashangaa wanachoshangaa. Mwalimu akaniuliza nimelipata wapi. Nikamwambia, nyumbani, kwa mama.

NduguWaKivu

Dada, hiyo ya daktari nimeiandika ukutani. "Anasema asile." Que no coma.

Kuna vitenzi vikorofi vingapi? Tuambieni ukweli.

Mpandamlima

Uzi ni wa vitenzi vya kawaida, kwa hiyo kwa ufupi. Chukua nafsi ya "mimi" ya wakati uliopo, toa o, tia irabu ya kubadilishana. Bajo, baj-, no bajes. Como, com-, no comas. Uzuri ni kwamba wakorofi wengi nao wanaitii njia hii: tengo, no tengas, hago, no hagas, digo, no digas, salgo, no salgas, pongo, no pongas. Wanaokataa kabisa ni wachache, wa kukariri: no seas (usiwe), no vayas (usiende), no estés, no des (usipe), no sepas, na "haya" ya kitenzi haber, ambayo hutaihitaji kwa kumkataza mtu. Uzi wao nitaufungua msimu wa mlima ukiisha.

Sasa jaribuni. Kila mtu aandike katazo moja la kazini kwake, nitasahihisha.

Fundi_Simu

Nimekubali yaishe. "No cargas el teléfono mojado." Usichaji simu iliyolowa.

Mpandamlima

Hapo umesema "huchaji". Cargar, -ar, inataka e. Na g inataka ulinzi wa u. No cargues el teléfono mojado.

Fundi_Simu

No cargues. Naandika na hii: "No abras el teléfono en casa." Usifungue simu nyumbani.

Mpandamlima

Haina doa.

Mgeni_Ngorongoro

Shikamoo kaka. Mimi ndiyo naanza kuongoza, kesho nashuka kreta na Wahispania sita, vijana, wote wanataka vosotros. Pale Ngoitokitok kwenye chakula cha mchana mwewe hunyakua kuku mkononi mwa mtu. Nimeandaa: "No coméis fuera del coche y no dejéis la comida en la mesa, los milanos bajan." Iko sawa?

Mpandamlima

Marahaba. "Dejéis" sawa, "bajan" sawa maana hapo unaeleza habari, mwewe wanashuka kweli. "Coméis" ni "mnakula". Comer ni ya -er, iazime a.

Mgeni_Ngorongoro

No comáis fuera del coche.

Mpandamlima

Hiyo. Na uiseme kabla hujafungua boksi la kwanza.